Uwanja wa Tenisi Uliosubiri Maji ya Ndiva

Kabla hamjashindilia uwanja wa udongo, vueni viatu. Najua siku hizi kuna vyombo vya kupimia unyevu, na sivikatai. Mimi nawaambia nilivyofundishwa. Ukishamwagia uwanja maji usiukimbilie na rola. Kaa kivulini, kunywa chai, kisha rudi ukanyage kwa kisigino kitupu. Udongo ukinata na kunyanyuka na mguu, bado. Ukikanyaga usione alama yoyote, umechelewa, mwaga maji tena. Lakini kisigino kikiacha kishimo chenye kingo safi na mguu ukatoka mkavu, hapo ndipo uvute rola, na uvute kuanzia pembeni kuja katikati. Ukianza katikati utausukuma udongo nje kama mtu anayekanda unga kwenye sinia dogo.

Wengi wenu mnanijua kwa viwanja vya mpira na netiboli vya shule za hapa Same, na vile vya kule mlimani ambako mpira ukitoka nje mtu anaufuata mpaka kijiji cha chini. Mnaniita Mzee Viwanja. Hamjui kwamba kazi hii niliingilia kwenye tenisi, mchezo ambao mpaka leo hesabu zake zinanishinda. Kumi na tano, thelathini, halafu arobaini. Niliwahi kumuuliza mchezaji kwa nini isiwe arobaini na tano, akaniambia hata yeye hajui, wamekuta hivyo.

Nilikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la mkonge huku tambarare, kati ya reli na milima. Nilikuwa nimeshuka kutoka Chome na leseni mpya na koti zito la baridi, ambalo huku chini halikuwa na kazi ila kulaliwa na paka. Azimio la Arusha lilikuwa bado la moto. Shamba lilikuwa limetaifishwa, wenyewe wameondoka, na wameacha nyumba ya klabu imefungwa kufuli. Pembeni ya klabu palikuwa na uwanja wa tenisi, au tuseme mahali ulipokuwa. Mbigili zilikuwa zimetambaa mpaka katikati. Mbuzi walikuwa wamefanya njia yao ya kona hadi kona, na maji ya mvua kutoka korongo la mlimani yalikuwa yamechimba mfereji ambao mtu angeweza kulala ndani asionekane.

Mtu aliyeutunza uwanja ule tangu zamani aliitwa Mzee Mgaya. Alikuwa Mbena, aliyeletwa kutoka upande wa Njombe kama manamba, kibarua wa mkataba, akiwa kijana, na hakurudi kwao tena. Wenyewe walipoondoka na klabu ikafungwa, ofisi ilimpangia kukata mkonge kama wengine. Kwa umri wake, jamani. Kukata mkonge ni kuinama tangu alfajiri, unakata jani, unapunguza mwiba wa ncha, unafunga mafungu, unabeba hadi njia ya reli ndogo. Vijana wenye mgongo mzima walikuwa wanalia. Jioni ungemkuta mlangoni kwake anachomoa miiba viganjani kwa pini, halafu kesho yake, akiwa njiani kwenda kukata, anapita uwanjani na kung'oa mbigili kadhaa. Hakuna aliyemtuma.

Nilimuuliza siku moja, "Mzee, unang'oa za nini? Hakuna anayecheza."

"Nikiziacha zitaota hata kichwani kwangu," akanijibu, akaendelea na safari yake.

Ndipo akaja meneja mpya, Ndugu Mcharo, Mpare mwenzetu wa Ngujini. Alikuwa bado kijana, mwenye soksi zilizopandishwa hadi gotini, na tenisi alikuwa ameijulia chuoni. Katika mkutano wa wafanyakazi akasema klabu itafunguliwa iwe ya watu wote, na uwanja utengenezwe, wacheze wafanyakazi na watoto wao, hata tualike mashamba mengine. Mwenyekiti wetu wa tawi la chama hakupenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti kubwa.

"Huo mchezo ni wa mabwanyenye," akasema. "Pale palimwe mahindi. Watu hawali mpira."

Walivutana, na mwisho wakakubaliana hivi: uwanja utengenezwe, lakini masika yakifika kabla haujawa tayari, trekta ipite, mahindi yapandwe. Mzee Mgaya akatolewa kwenye kukata mkonge awe kiongozi wa kazi. Mimi nikapewa kuwa naye na trekta langu, pamoja na fundi mwashi wetu, Kisaka. Tukitoka mkutanoni Mzee Mgaya alinishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mpare, hii kazi isipokamilika, mimi narudi kwenye mkonge. Na safari hii nitafia huko." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayenitajia njia ya kupita.

Sasa sikilizeni habari ya saruji, maana kila kizazi kinarudia kosa hili. Kisaka alikuwa fundi mzuri wa nyumba, na alipouona ule mfereji akasema, "Hii ni kazi ya asubuhi moja. Tunafukia, tunamwaga zege, kwisha." Mzee Mgaya akamwambia chini pale ni udongo mweusi, ule wa mbugani. Unavimba ukinywa maji, unapasuka ukikauka, hautulii. Kisaka akacheka. Akajaza kona ile kwa kifusi, akamwaga zege, akalisawazisha likang'aa, na kwa kijiti akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Mvua kidogo ya msimu usio wake ikanyesha, halafu jua la Same likawaka kama kawaida yake. Tukarudi tukakuta ufa umepita katikati ya jina. Upande mmoja umeandikwa KISA, upande wa pili KA, na katikati mjusi ameshahamia. Kambi nzima ya wafanyakazi ilimwita Kisa kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, na yeye ndiye aliyelivunja zege lile kwa nyundo.

Kwa hiyo tukaanza upya, kwa namna ya Mzee Mgaya. Tulichimba udongo mweusi tukautoa wote, tukapanga mawe makubwa chini, juu yake kokoto, juu ya kokoto changarawe nyekundu. Hiyo ndiyo miguu ya uwanja. Maji yakipita yapite chini, yasivimbishe kitu. Kisha ikabaki ngozi, na ngozi ya uwanja wa namna ile ni udongo wa kichuguu.

Si kila kichuguu kinafaa. Tulizunguka na trekta mpaka upande wa Lembeni tukitafuta. Mzee Mgaya alikuwa anabomoa kipande, anakitia mdomoni, anatafuna taratibu huku ameangalia juu.

"Huu una mchanga mwingi, unakwaruza meno," anasema na kutema. "Huu una chumvi. Huu sasa... onja."

Nikaonja. Uliteleza ulimini kama uji.

"Umeusikia?" akaniuliza.

"Nimeusikia. Mzee, unaongea kama tumekaribishwa chakula."

"Wewe Mpare kila kitu unakifananisha na makande," akasema. Tangu siku hiyo, nikimaliza kuchekecha udongo na kuchanganya na mchanga kidogo wa mtoni, alikuwa anauliza kama makande yameiva.

Niwape na hili la pembe, maana mafundi wengi wanakadiria kwa macho. Kamba ya katani, fundo kwa nafasi zilizo sawa. Upande mmoja nafasi tatu, upande wa pili nne, wa tatu tano, vuta kwa vigingi vitatu. Pembe iliyo kati ya tatu na nne haitakudanganya hata siku moja. Mzee Mgaya hakuwahi kukaa darasani, Ndugu Mcharo alikuwa na cheti, na wote wawili walipiga kamba ile kwa namna ile ile. Walitazamana wakacheka.

Basi udongo tuliumwaga na kuusawazisha. Kilichobaki ni maji na rola. Na maji ndiyo yaliyotushinda.

Mwaka ule vuli haikunyesha. Ile mvua iliyompasua Kisaka ndiyo ilikuwa yote. Kisima kikubwa cha shamba kilikuwa kwenye korona, mahali mitambo inaposaga majani kupata singa, zile nyuzi za mkonge, na maji yakipungua mitambo hupewa kwanza. Bomba la kambini likawa linatoa hewa. Wanawake walikuwa wanatoka na ndoo tangu giza la alfajiri kwenda kuchimba mchanga mtoni, na mtoni penyewe maji yamerudi chini. Ofisi iliniruhusu kuchukua boza moja la maji kisimani kwa ajili ya uwanja. Niliambiwa nipeleke mchana, nikapeleka mchana. Njia ilipita katikati ya kambi.

Nilipofika usawa wa bomba, nikaona wanawake wamesimama barabarani na ndoo zao. Mbele alikuwa Mama Nakijwa, mwanamke wa mlimani kama mimi, aliyefanya kazi ya kuanika singa, mrefu, mkimya kwa kawaida. Nikapunguza mwendo nikidhani watapisha. Hawakupisha. Nikazima injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo maji ya nani?"

"Ya uwanja."

"Uwanja unaumwa?"

Wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema, "Mwanangu, nina mtoto ndani anaharisha. Nimemchemshia matope. Wewe unapita mlangoni kwangu na boza zima unakwenda kumwagia vumbi. Ukitaka kupita, pita juu yangu."

Nilishuka. Sikuwa na ruhusa ya kuyagawa. Nilikuwa nafikiria kwenda ofisini kuuliza, wakati Mzee Mgaya anatokea kwa miguu kutoka uwanjani, jembe begani, amekuja kuona boza limekwama wapi. Mama Nakijwa akamsalimia kwa heshima, akamweleza maneno yale yale. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akaangalia boza, akaangalia milima, ambako hapakuwa na wingu hata moja. Masika yalikuwa hayako mbali, na uwanja usioshindiliwa ni rundo la vumbi tu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale.

Akazunguka nyuma ya boza, akafungua koki.

"Chukueni," akasema. "Msisukumane. Mwenye mgonjwa atangulie."

Nikamwambia, "Mzee, na uwanja?"

"Uwanja haunyi, haulii," akanijibu. "Shika ile ndoo, unamwaga maji ya watu."

Tuligawa mpaka boza likatoa tone la mwisho. Jioni Mwenyekiti akapata habari, akasema basi, mambo yameisha, masika yakianza trekta ipite. Ndugu Mcharo hakumgombeza Mzee Mgaya. Alikaa tu kwenye ngazi za klabu, ameshika soksi zake mkononi. Na asubuhi iliyofuata, kabla hajaitwa na mtu, Mzee Mgaya alikuwa amechukua panga lake na kuingia kwenye foleni ya wakata mkonge. Nilimpita na trekta. Alikuwa wa mwisho, na hakuinua uso. Vijana, kuna asubuhi nyingi nimezisahau, lakini ile sijaisahau.

Jumapili baada ya hapo nilikuwa nafua nguo kwa maji ya kikombe, Mama Nakijwa akaja. Mtoto alikuwa amepata nafuu, alikuwa naye mgongoni. Hakukaa.

"Ule mfereji uliokuwa uwanjani," akaniuliza, "ulichimbwa na maji ya wapi?"

"Ya korongo. Mvua ikinyesha mlimani yanashuka yote pale."

"Na yakishapita uwanjani yanakwenda wapi?"

"Yanapotelea mbugani."

"Wewe si mtu wa Chome? Kwenu hakuna ndiva?"

Nilisimama na shati linachuruzika mkononi. Kwetu kila mto mdogo una ndiva. Ni bwawa la udongo wanalochimba watu wa mtaa. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Nimeogelea kwenye ndiva, nimechapwa kwa kuogelea kwenye ndiva. Na huku chini nilikuwa naendesha trekta kupita juu ya lile korongo kila siku, nikilalamika kwamba maji hakuna.

Tulikwenda wote wawili kwa Ndugu Mcharo. Hakuhitaji maelezo marefu; alijipiga paji la uso na kusema hata kwao Ngujini zipo. Akatupeleka kwa Mwenyekiti. Mimi niliogopa, lakini Mama Nakijwa alianza kuongea kabla hata hatujakaribishwa. Mwenyekiti alimsikiliza, mikono kifuani.

"Uwanja haunihusu," akasema mwishowe. "Maji nayataka. Lini tunaanza?"

Tukapiga msaragambo. Kwetu ndilo jina la kazi ya wote, na watu wa makabila mengine kambini walilishika siku hiyo hiyo, kila mmoja kwa matamshi yake. Tulichimba juu ya klabu, pale korongo linapotanuka. Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Wapare, kila watu na namna yao ya kushika jembe na kila watu wakisema wengine hawajui. Mwenyekiti alichimba bila shati. Mzee Mgaya, akishamaliza sehemu yake ya mkonge, alikuja jioni na kuonyesha watu udongo wa kupaka chini, maana udongo usiovujisha maji uwanjani hauvujishi bwawani pia. Wanawake waliukanyaga kwa miguu, wakizunguka, mpaka ukawa laini kama sakafu iliyopakwa samadi. Kisaka akajenga mlango wa maji kwa mawe. Safari hii hakuandika jina.

Masika yakaja. Maji ya kwanza yalishuka ya matope, na vijiti, na kandambili moja ya mtu wa mlimani. Yakaingia, yakazunguka, yakatulia. Asubuhi kambi nzima ilikuwa ukingoni inaangalia.

Nilikuwa nangojea kuambiwa nifunge jembe la trekta nikalime uwanja, kwani makubaliano yalikuwa makubaliano. Mwenyekiti alifika pale, akapima kwa hatua, akachezea udongo kwa kiatu. Halafu akasema, "Mahindi hayawezi kuota juu ya mawe mliyoyazika humu. Nitapanda kule chini ya ndiva." Akaondoka. Wiki ile ile Mzee Mgaya akatolewa tena kwenye mkonge.

Ngozi ya uwanja tulimalizia kwa maji ya ndiva. Tulimwaga, tukasubiri, tukakanyaga kwa visigino, tukavuta rola, tukamwaga tena. Mwinuko mdogo katikati, ambao jicho haliuoni lakini mvua inaujua. Wavu wa zamani ulikuwa umeliwa na panya, kwa hiyo mkata mkonge mmoja aliyezaliwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa alisuka mpya kwa kamba ya katani. Alisuka kama wa dagaa, matundu madogo mno. Ndugu Mcharo akasema utafaa tu, hata upepo hautapita. Mistari tukaichora kwa chokaa.

Siku ya kufungua, walikuja wageni kutoka shamba jingine. Watu walijaa kuliko kwenye mpira wa miguu, wengi wao hawajaona tenisi maishani. Mama Nakijwa alikaa mbele na wenzake, wakampigia makofi kila aliyepiga mpira, wetu na wa wageni. Mpira ulidunda sawasawa. Hapakuwa na kona iliyoumeza wala iliyourusha. Mzee Mgaya hakuwa anafuata mchezo; alikuwa anaangalia chini tu, pale mpira unapogusa, na kila ukidunda anatikisa kichwa kidogo kukubali.

Tulishindwa vibaya. Ndugu Mcharo mwenyewe alitolewa na karani mmoja mwenye kitambi ambaye hakuonekana kukimbia. Wageni walipeana mikono na wenyeji, watu wakaanza kwenda kwenye chai. Mzee Mgaya akainuka haraka, kwa mazoea ya miaka yote, akaenda kuchukua gunia lake la kusawazishia, lile refu lenye kamba mbili, ambalo huvutwa juu ya udongo baada ya mchezo kufuta alama za miguu kabla hazijakauka. Wakati wa wenye shamba wa kwanza, wachezaji waliweka chini raketi zao na kuondoka, na yeye akabaki.

Ndugu Mcharo alimkuta njiani, jasho linamtiririka, kaptura nyeupe imekuwa nyekundu.

"Lete hiyo, mzee."

"Hapana, Bwana Meneja, hii ni kazi yangu."

"Ndugu," Mcharo akamsahihisha. "Aliyechafua ndiye anayefagia. Kaa."

Kulikuwa na kiti kimoja cha wageni chini ya kivuli cha klabu. Mzee Mgaya akakiangalia, akanitazama mimi, nikamwonyesha kwa mkono. Akakaa. Alikaa ukingoni mwanzoni, kama anayesubiri kuitwa. Meneja akajifunga kamba begani, akaanza kuvuta gunia moja kwa moja kutoka wavuni kuelekea nyuma, na gunia likaacha michirizi kwenye vumbi.

Mzee Mgaya akavumilia kidogo. Kisha akaegemea nyuma, akanyoosha miguu, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye chai akaita:

"Zunguka, Ndugu Meneja! Anzia nje uje ndani. Na viatu vua!"

Meneja akasimama katikati ya uwanja, akainama, akafungua kamba za viatu.